Je, Wajua? Anayekula Fungu la Maskini

Kila mtaa una kisa cha mtu anayepokea ruzuku ya kaya maskini huku akimalizia nyumba ya pili. Kisa hicho husimuliwa kwa hasira, na hasira hiyo ni halali. Lakini ukiyaweka pamoja mambo yaliyothibitika, ya kwetu na ya ng'ambo, unamkuta mlaji mkubwa amekaa mahali pengine kabisa.

Je, wajua kwamba mwaka 2016 uhakiki wa walengwa wa TASAF, mfuko unaotoa ruzuku kwa kaya maskini nchini Tanzania, uliondoa kaya zaidi ya 55,000 zilizoonekana hazistahili? Habari za "kaya hewa" zilienea, na wengi wakaamini mpango wote umeoza. Fanya hesabu. Mpango ulikuwa na kaya zaidi ya milioni moja, kwa hiyo walioondolewa ni kama kaya moja katika kila kaya 20. Tena miongoni mwao walikuwamo marehemu na watu waliokwisha kuhama kijiji. Hao hawakumwibia mtu, ni orodha iliyochelewa kusahihishwa. Kundi la kutia uchungu lilikuwa jingine: viongozi wa vijiji, ambao kwa taratibu za mpango hawakupaswa kuwamo. Orodha ilipita mikononi mwao, na majina yao yakabaki ndani.

Je, wajua jina linaingiaje kwenye orodha ile? Linaanzia kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa. Wananchi wenyewe hutaja kaya zilizo hoi kuliko nyingine. Kisha wakusanya taarifa hupita nyumba kwa nyumba na dodoso: paa la nini, sakafu ya nini, maji mnachota wapi, mnakula milo mingapi. Majibu huchakatwa kwa kompyuta, halafu majina hurudi mkutanoni ili yathibitishwe mbele ya watu. Hapo ndipo penye ulinzi kuliko pengine pote. Mwenyekiti akisoma jina la mwenye ng'ombe ishirini, minong'ono huanzia nyuma, mtu mmoja hukohoa, na mwishowe mama fulani husimama na kuuliza, "Huyo naye?" Hakuna mkaguzi kutoka makao makuu anayeweza kufanya kazi ya mama huyo.

Ila mkutano ule ule unaweza kuwa kichaka. Ukiitishwa siku ya mnada, au saa ambazo wanawake wako shambani, wanaobaki kuthibitisha majina ni walewale wa kila siku. Bibi asiyeweza kutembea hafiki. Mgeni aliyehamia mwaka jana hana ndugu wa kumtaja. Kijana mwenye ulemavu anayefichwa ndani na familia yake hajulikani hata kama yupo. Wataalamu wa hifadhi ya jamii hutenganisha makosa mawili: kumwingiza asiyestahili na kumwacha anayestahili. La kwanza hutangazwa redioni. La pili halina mtangazaji, kwa sababu aliyeachwa hana risiti ya kuonyesha kwamba amekosa kitu.

Je, wajua kwamba Zanzibar iliamua kulikwepa tatizo hilo lote? Mwaka 2016 ilianzisha Pensheni Jamii kwa kila mzee aliyefikisha miaka 70, tajiri kwa maskini, bila kuulizwa paa lake ni la nini. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 50,000. Ilikuwa pensheni ya kwanza ya namna hiyo Afrika Mashariki inayolipwa na serikali yenyewe. Wapo wanaouliza kwa nini mzee mwenye maduka Darajani naye alipwe. Jibu langu ni kwamba kumpa huyo mmoja ni nafuu kuliko kuwaweka makarani wa kuwachambua wazee wote, na kuliko kumkosa bibi wa Makunduchi ambaye hakumjua karani.

Kenya nayo ilielekea huko mwaka 2018, ilipofungua mpango wake wa ruzuku, Inua Jamii, kwa wazee wote wa miaka 70 na zaidi wasiokuwa na pensheni nyingine. Kiwango ni shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, na kimekaa hapohapo zaidi ya miaka kumi huku bei ya unga ikipanda. Malipo yakichelewa miezi miwili au mitatu, mzee hukopa dukani kwa matumaini, na fedha zikifika zinakuwa za mwenye duka.

Je, wajua kwamba nchini Uganda ruzuku ya wazee ilianza mwaka 2011 kwa wenye miaka 65, na 60 kule Karamoja, lakini ilipoenezwa nchi nzima umri ukapandishwa hadi 80? Ni shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi. Raia wengi wa nchi ile hawafiki umri huo. Hapo mtu hajaiba kitu wala hajadanganya. Ni uamuzi wa bajeti, lakini kwa mzee wa miaka 74 matokeo ni yaleyale.

Na si umri peke yake. Ripoti ya mwaka 2021 ya mashirika ya haki za binadamu ilieleza jinsi wazee wa Uganda walivyokosa ruzuku kwa sababu ya kitambulisho cha taifa, Ndaga Muntu. Mzee aliyezaliwa kabla ya kuwapo cheti cha kuzaliwa anaandikiwa mwaka wa kukisia. Karani akikosea, kitambulisho kinamfanya awe na miaka michache kuliko watoto wake wanavyojua, na kurekebisha kosa hilo kunadai nauli na ada, yaani fedha zilezile anazozitafuta. Vidole navyo vina mambo. Aliyeshika jembe miaka hamsini alama zake zimefutika, mashine inamkataa, na jirani aliyemleta kwa bodaboda anamrudisha nyumbani mikono mitupu.

Tuje kwenye nyumba.

Je, wajua kwamba kuanzia mwaka 2002 Serikali ya Tanzania iliuza maelfu ya nyumba zake, zaidi ya 7,000, kwa watumishi wa umma, nyingine zikiwa katika maeneo yenye viwanja ghali kabisa vya Dar es Salaam? Hoja ilikuwa kumpa mtumishi makazi yake mwenyewe. Lakini nyumba ya Oysterbay aliyouziwa ofisa mmoja ilikuwa ya kila ofisa atakayeshika kazi ile baada yake. Kwa miaka iliyofuata suala hili lilirudi bungeni mara kwa mara, maana wateule wapya walihitaji pa kulala na akiba ilikuwa imekwisha.

Je, wajua kwamba Sheria ya mwaka 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, lililoanzishwa 1962? Kodi zake kwa miongo mingi zilikuwa chini ya bei ya soko. Penye pengo kati ya kodi ya shirika na kodi ya mtaani, dalali hajambo. Mwenye jina kwenye mkataba anahamia kwingine, anampangisha mtu wa pili, anapokea kodi ya soko na kulipa shirika kodi ya zamani. Au anaachia nyumba kwa kilemba, fedha za mkononi zisizo na stakabadhi. Kwenye daftari nyumba inasomeka ina mpangaji wa kipato cha kawaida, na kweli yupo, lakini yule aliyekusudiwa kunufaika na unafuu huo anapanga chumba kimoja Mbagala.

Usikimbilie kumtupia lawama zote mpangaji, hata hivyo. Mwaka 2016 Rais Magufuli alipoagiza NHC iwatoe wadaiwa sugu, kwenye orodha ya wadaiwa zilikuwamo wizara na taasisi za Serikali yenyewe. Mama wa chumba kimoja akichelewesha kodi, mlango unapigwa kufuli. Wizara ilichelewesha miaka na ikaendelea kufungua ofisi saa moja na nusu asubuhi.

Na kuna habari njema kwa upande huo. Wakazi wa Magomeni Kota, Dar es Salaam, kaya 644, walivunjiwa nyumba zao za zamani miaka ya mwanzo ya 2010 kwa ahadi ya kujengewa mpya. Eneo likabaki wazi miaka nenda miaka rudi. Hawakutawanyika. Waliendelea kushikamana, wakajuana kwa majina, wakadai. Mwaka 2016 waliahidiwa kuishi bure miaka mitano nyumba zitakapokamilika, na Machi 2022 Rais Samia akazindua nyumba 644. Idadi ililingana na waliotolewa. Wanaojua historia ya miradi ya namna hii wanaelewa kuwa hilo si jambo dogo.

Maana je, wajua kilichotokea Dandora? Mwaka 1975 Nairobi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza kugawa viwanja 6,000 vyenye maji na choo kwa watu wa kipato kidogo wajenge wenyewe polepole. Miaka haikuwa mingi kabla viwanja vingi havijaishia kwa watu wenye fedha, na wenye navyo kuishi kwingine huku vyumba vikipangishwa kimoja kimoja. Leo sehemu kubwa ya Dandora ni vyumba vya kupanga.

Kibera ikafuata njia hiyo kwa kiasi chake. Mwaka 2009 familia za Soweto Mashariki, sehemu ya Kibera, zilihamishiwa majengo mapya ya Lang'ata, nyumba 600, zikae huko wakati makazi yao yanajengwa upya. Haikuchukua muda, baadhi wakavipangisha vyumba vyao kwa watu wa kipato cha kati na kurudi Kibera. Wengi waliwaita wakora. Mimi siwaiti hivyo. Mama anayeuza sukuma wiki, mwenye karo ya watoto watatu, akipata chumba chenye umeme ambacho mtu yuko tayari kukilipia mara kadhaa ya kodi yake, amepewa mtaji wa kwanza maishani mwake. Kosa ni la aliyepanga mradi bila kuuliza kama atamudu bili, na kama wateja wake watamfuata hadi ghorofani.

Je, wajua Singapore inalizuiaje hilo? Aliyenunua nyumba ya serikali sharti aishi humo angalau miaka mitano kabla ya kuiuza. Afrika Kusini, iliyojenga mamilioni ya nyumba za ruzuku tangu 1994, iliweka kwenye sheria miaka minane. Tofauti ni kwamba Singapore hufuatilia na kunyang'anya, ilhali Afrika Kusini mauzo ya pembeni yameendelea kwa karatasi ya kuandikiana.

Uingereza ilifanya kinyume. Sheria ya mwaka 1980 iliwapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kuzinunua kwa punguzo kubwa, na karibu nyumba milioni mbili zimeuzwa. Uchunguzi wa mwaka 2017 ulikuta takriban nne katika kila kumi ya fleti zilizouzwa zinapangishwa na watu binafsi. Halmashauri nyingine sasa zinakodi nyumba zilezile ambazo ziliziuza ili kuwahifadhi wasio na makazi. Scotland iliifuta haki hiyo mwaka 2016, Wales 2019.

Je, wajua kuhusu ripoti ya Ndung'u ya mwaka 2004? Iliorodhesha hati zipatazo 200,000 za ardhi ya umma Kenya zilizotolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002. Viwanja vya shule, misitu, makaburi, na vilivyotengwa kwa nyumba za wananchi. Huko Woodley, Nairobi, nyumba za halmashauri zilipita mikononi mwa watu binafsi miaka ya 1990, na kesi za kuzirudisha zimefika mahakamani. Ni vigumu kumkuta mlalahoi kwenye mgawo huo.

Ndiyo maana tozo ya nyumba ya Kenya inaangaliwa kwa jicho kali. Novemba 2023 Mahakama Kuu iliitangaza kuwa kinyume cha Katiba, na Machi 2024 ikarudi kwa Sheria mpya: asilimia 1.5 ya mshahara kutoka kwa mfanyakazi, asilimia 1.5 nyingine kutoka kwa mwajiri. Sheria hiyo inataja nyumba za jamii kwa wenye kipato chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, nyumba za gharama nafuu kwa wa kati ya 20,000 na 149,000, na nyingine kwa waliozidi hapo. Kwa maneno mengine, mwalimu anakatwa leo, na swali la haki linajibiwa siku funguo zinapogawiwa. Mwananchi ana mahali pa kusimama: Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inataja makazi na hifadhi ya jamii kuwa haki.

Sasa sikiliza ya Uholanzi, nchi inayosifiwa kwa utaratibu. Je, wajua kwamba serikali yake ilijiuzulu tarehe 15 Januari 2021 kwa sababu ya ruzuku ya malezi ya watoto? Kwa miaka, idara ya kodi iliwaandama wazazi zaidi ya 20,000 kama matapeli. Sahihi moja ikikosekana kwenye fomu, au mzazi akishindwa kuonyesha mchango wake mdogo, alitakiwa kurudisha fedha zote alizowahi kupewa, mara nyingi makumi ya maelfu ya yuro. Watu walipoteza nyumba, kazi na ndoa. Watoto zaidi ya 1,000 kutoka familia hizo walichukuliwa na kuwekwa kwenye malezi mengine. Na nani alichaguliwa kuchunguzwa? Mfumo wa kompyuta ulihesabu uraia kuwa dalili ya hatari, kwa hiyo wenye asili ya Moroko, Uturuki na Suriname waliangukiwa zaidi. Kila familia ikaahidiwa fidia ya kuanzia yuro 30,000. Mtoto aliyekulia mbali na mama yake hafidiwi kwa hizo.

Australia ilifanya yake kwa hesabu mbovu. Kuanzia 2015 kompyuta ilichukua kipato cha mtu cha mwaka mzima na kukigawa sawasawa kwa wiki zote. Aliyefanya kazi miezi sita, kisha akapokea ruzuku miezi sita asiyokuwa na kazi, akaonekana alikuwa na mshahara wakati wote, na barua ya deni ikamfikia. Mamia ya maelfu ya madeni hayo hayakuwa halali. Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti yake Julai 2023, na Serikali ilikwisha kulazimika kurudisha fedha.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nchi hizi mbili zilimnyonga na haki yake zikamnyima, kwa jina la kupambana na udanganyifu.

Je, wajua kwamba jimbo la Mississippi, Marekani, lilipoteza dola zaidi ya milioni 70 za fungu la familia maskini? Hazikuliwa na familia hizo. Wakati huo mama mwenye watoto wawili huko alipata si zaidi ya dola 170 kwa mwezi. Milioni tano kati ya zile zilijenga ukumbi wa mpira wa wavu wa chuo kikuu. Ofisa aliyeongoza idara ya ustawi alikiri makosa mahakamani mwaka 2022.

Je, wajua kwamba nchini Afrika Kusini kampuni iliyopewa kazi ya kulipa ruzuku za jamii mwaka 2012 ilikuwa na kampuni dada zilizouza mikopo, bima na muda wa maongezi kwa walewale waliolipwa? Bibi alikuta fedha zimekatwa kabla hajazigusa, kwa huduma asizokumbuka kuziomba. Mahakama ya Katiba ilikwisha kutamka kwamba mkataba ule ulikuwa batili. Akina bibi, pamoja na shirika la Black Sash, ndio waliopigana.

Na Uganda mwaka 2023? Mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya jamii za Karamoja, yenye mhuri wa Ofisi ya Waziri Mkuu, yalionekana yameezeka mabanda ya mifugo kwenye shamba la kigogo. Mawaziri watatu walifikishwa mahakamani. Mhuri ule ndio uliowafichua: mpita njia yeyote aliweza kuusoma. Rwanda, kwenye mpango wa Girinka ulioanza 2006 wa kumpa maskini ng'ombe mmoja, viongozi wa mitaa waliojipa ng'ombe wamefungwa, kwa sababu kijiji kizima kinajua ng'ombe yupo zizi la nani. Tena ndama jike wa kwanza hupewa jirani, kwa hiyo kila jirani ana sababu ya kuangalia.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, msomaji. Mtaa wako ukitangaza mkutano wa kupitia orodha ya ruzuku, nenda, hata kama wewe huombi kitu. Dai majina yasomwe kwa sauti, lile la mwenyekiti likiwamo. Kisha taja la jirani asiyeweza kufika, na usikae chini mpaka liandikwe.